Nafuma krosheti kila usiku: je, mimi ni mbunifu au mwigaji tu?

Binti wa Kisauni

Assalaam aleikum, na wasiokuwa Waislamu nawaamkua pia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkaazi wa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kazi hiyo naiweza, mshahara huingia, na sina ugomvi na mtu pale. Lakini kila siku, vyombo vikishaoshwa na mtoto akishalala, huchukua kulabu na bonge la uzi nikaketi barazani, na mara mbili mwezi uliopita adhana ya alfajiri imenikuta nikihesabu vitanzi.

Krosheti nilifundishwa na nyanya. Yeye alifuma vitambaa vya makochi, vya meza na hata cha kufunikia redio, vyote vyeupe, vyote vikitiwa wanga mpaka vikakakamaa kama mkate wa mofa wa jana. Mimi nikahamia kwenye nguo: nilianza na mitandio, nikafuatia vizibao vya kuvaliwa juu ya dera, kisha blauzi, na sasa magauni. Mifano huipata kwenye video za simu, nikabadilisha rangi na kipimo. Juzi binamu yangu alikitazama kizibao nilichokuwa nimekifurahia kuliko vyote, akasema, bila ubaya wowote, kwamba amekwisha kukiona kwenye simu yake kikivaliwa na msichana wa Brazil. Nilicheka naye, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Halafu kuna mkasa wa gauni. Dada wa bibi harusi mmoja aliniagizia gauni refu la pamba la kuvaa usiku wa kupamba. Nilimpima, likaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ilipofika saa sita za usiku ukingo wake ulikuwa unafagia sakafu na mabega yameteremka, naye amelishika kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka maji ya mvua. Alinilipa hesabu yangu yote wala hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Basi naomba mnijibu bila kunionea haya. Mtu hujuaje kwamba kazi fulani ndiyo aliyoandikiwa, na si jambo la kupitishia usiku tu? Ninaweza kujiita mbunifu ilhali kila nikifumacho kina asili kwa mtu mwingine? Na je, niache kazi?

Bibi wa Viua

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mimi ni mtu wa Kibokoni, na nimeshona kofia za viua tangu sijaolewa. Sasa wajukuu ndio wanaonitia uzi kwenye tundu la sindano kwa sababu macho yamechoka. Krosheti siijui sana, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Kofia ya kwanza niliyoishona ilikuwa nakala ya kofia ya marehemu baba yangu. Somo yangu alinichorea kwa penseli, kiua kwa kiua, nami kazi yangu ilikuwa kutoboa na kuzungushia uzi. Ya pili vilevile, na ya tatu. Nadhani ni baada ya kofia kumi na kitu ndipo nilipogundua kwamba viua vyangu vilikuwa vidogo kuliko vya somo yangu na vimekaribiana zaidi, na kwamba watu wa mtaani wakiiona kofia kichwani mwa mtu walijua imetoka nyumba gani. Sikukusudia hata kidogo. Kiua ukikikaza mno hufumba, ukikilegeza hupanuka kofia ikifuliwa, na kila mshonaji hupata mahali pake katikati ya hayo mawili. Hakuna aliyenishutumu kwa kuiga, kwani kwetu mchoro ulikuwa wa watu wote na mkono ndio uliokuwa wa mtu. Hizo video zako mimi naziona ni somo yako, ila yeye hakupigi vidole ukikosea.

Sasa mimi nikuulize wewe. Umewahi kufumua kazi ambayo kosa lake hakuna mwingine angeliliona? Niliwahi kukata uzi wa siku nne kwa ajili ya kiua kimoja kilichokaa mshazari, tena upande wa nyuma, na kofia yenyewe ilikuwa ya mtu wa Lamu ambaye sikupata kumwona. Mume wangu aliniona nimerukwa na akili, na bei haikuongezeka hata senti. Ikiwa na wewe umewahi, usiniambie ni mara ngapi. Niambie ni kosa gani.

Binti wa Kisauni

Shikamoo, Bibi, na ahsante. Nimelifikiria swali lako kwenye matatu asubuhi yote, na jibu limenishangaza mwenyewe. Rangi ikikosana kidogo naiacha. Tundu likiwa kubwa kuliko jirani yake naliacha. Lakini ukingo ukifanya mawimbi, au ukivutika ukajikunja, siwezi kulala. Nimewahi kufumua ukingo wa mtandio mara tano, na mwenye mtandio alikuwa ameshaupenda ile mara ya kwanza.

Mwalimu wa Tudor

Marahaba nyingi zimwendee Bibi wa Viua, ambaye amenitangulia kwa umri na kwa hoja. Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka 26, na naomba niongeze mambo mawili, moja la historia na jingine la hilo gauni.

Neno krosheti lina asili ya Kifaransa na maana yake ni kulabu ndogo. Mifano yake ya mwanzo kuchapishwa ilitoka katika jarida la Kiholanzi lililoitwa Penélopé, mwaka wa 1823, lakini kisa kinachokuhusu wewe ni cha Ireland. Njaa kuu ilipoingia huko kuanzia mwaka wa 1845, viazi vilipooza mashambani, watawa wa kike na mabibi wenye uwezo waliwafundisha wanawake maskini krosheti ili wapate kitu cha kuuza. Walichofuma mwanzoni kilikuwa mwigo mtupu. Waliiga leisi ya Venice, ambayo hushonwa kwa sindano na huchukua muda mrefu mno, nayo kulabu iliwapatia sura inayokaribiana nayo kwa muda mfupi zaidi. Ila kulabu haikubali kuitii sindano kikamilifu: waridi la kulabu hutokea nene, limeinuka juu ya kitambaa. Badala ya kulificha hilo wakalizidisha, wakawa wanafuma maua na majani moja moja juu ya uzi mnene wa kuyajaza, kisha wakayaunganisha kwa wavu mwembamba. Leo leisi hiyo inajulikana kwa jina la Ireland, wala hakuna anayeikumbuka kama mwigo wa Venice. Kwa hiyo usimwonee haya msichana wa Brazil. Jiulize tu ni wapi uzi wako, joto lako na wateja wako wanakataa kumfuata.

Na hapo ndipo gauni linapoingia. Uzi wa pamba hauna mnyumbuko wa kutosha: ukivutwa huvutika, na ukishavutika haurudi mahali pake wenyewe. Krosheti nayo hula uzi mwingi, kwa hiyo gauni refu la pamba ni zito hata kabla halijavaliwa, na likinyonya jasho la ukumbi uliojaa watu mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, huzidi uzito. Sehemu ya juu hubeba mzigo wa yote yaliyo chini yake, ndiyo maana mabega yaliteremka. Wengi wakikutwa na hayo hukimbilia uzi wa akriliki, ambao ni mwepesi, lakini akriliki hainyonyi jasho, na kwa mtu wa Mombasa kuivaa mchana ni kujifunga mvuke mwilini. Ukitaka kujua uzi usio na karatasi ya maelezo ni wa aina gani, choma kipande kidogo: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi.

Kabla ya gauni lolote, fuma mraba wa sentimita 20 kwa mtindo ule ule, ufue, ukaushe ukiwa umelazwa, kisha utundike usiku kucha na vibanio vichache vya nguo chini yake. Asubuhi upime. Ukiwa umefika 22, jua kwamba gauni la sentimita 130 laweza kuteremka 13, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kifundo cha mguu na sakafu.

Sasa nirudi kwenye jibu lako kwa Bibi, kwa sababu lilinifanya niweke kikombe chini. Umesema kinachokunyima usingizi ni ukingo. Kaitoe leso, yaani kanga, sandukuni uitandaze kitandani. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake. Sisi tumezaliwa tukiiona, hata hatuioni tena. Kwenye leso pindo ni urembo tu, kwa kuwa ni chapa juu ya kitambaa, lakini katika krosheti pindo linaweza kuwa mifupa ya nguo. Ukifuma mabega, kiuno na kingo kwa vitanzi vifupi vilivyobanana, ukaacha matundu katika mji peke yake, pindo litabeba uzito na mji utapitisha upepo. Inasimuliwa pia kwamba leso zenyewe zilianza katika karne ya 19 kwa wanawake wa pwani kununua vitambaa vya mkono na kuvishona pamoja vikawa nguo moja, na wewe unayeunganisha miraba ya krosheti unajua mwenyewe ugumu wa kazi hiyo unavyokaa kwenye maungio.

Mabegani tia utepe wa pamba kwa ndani, na bitana ining'inie kutoka begani, isishonwe kwenye ukingo wa chini, la sivyo vitu viwili vyenye tabia mbili vitavutana.

Muuza Madera

Dada yangu, mimi nina duka karibu na Biashara Street, na hao waliotangulia wamezungumza na fundi. Niruhusu nizungumze na mfanyabiashara, kwa kuwa kwenye swali lako sikuona bei hata moja.

Tuchukue gauni kama lile. Tuseme lilikula mabonge 7 ya uzi kwa shilingi 280 kila moja, hiyo ni 1,960. Bitana na utepe 450. Ukilifuma kwa saa 32, na saa yako ukaithamini kwa shilingi 120 tu, ambayo kwa fundi wa kweli ni kidogo, unapata 3,840. Jumla ni 6,250, nawe hujala faida hata shilingi. Mteja atakujia akuambie kwamba mitumba ya Kongowea ina gauni la krosheti kwa 400. Usibishane naye. Krosheti halisi haijapata mashine ya kiwandani ya kuifuma, kwa hiyo hata hilo la 400 lilifumwa na mkono wa mtu mahali fulani, na mtu huyo alilipwa unavyoweza kukisia. Wewe huwezi kushindana na bei hiyo, na sioni sababu ya kujaribu.

Anza na vitu vidogo vinavyobeba wazo lako. Kizibao cha saa 9 kitakufundisha soko upesi kuliko gauni la saa 32, na kikikataliwa hakikuvunji mgongo. Kongowea yenyewe usiidharau, maana masweta ya pamba ya mtumba hufumuliwa yakatoa uzi mzuri, ila kabla ya kununua geuza sweta utazame maungio ya ndani. Yakiwa yameunganishwa kitanzi kwa kitanzi, uzi utatoka mrefu. Yakiwa yamekatwa na kuzungushiwa mshono wa mashine pembeni, utapata vipande vya urefu wa mkono ambavyo havifai hata kwa mtoto.

Jambo la mali kauli nalo nitalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka mikoba na vizibao 24 vya fundi wangu katika duka la hoteli moja ya ufuoni, kwa maneno kwamba tutalipwa kadiri vitakavyouzwa. Msimu ulikwisha, meneja akabadilishwa, na tuliporudi tuliambiwa hakuna kumbukumbu. Tulipata vinne, vimefifia rangi kwa kutundikwa kwenye dirisha la jua. Kwa hiyo andikiana na mtu, hata kwenye karatasi ya daftari, idadi, bei na siku ya kurudisha, na asiyetaka kutia sahihi usimwachie mzigo.

Ukija kupata mtindo ulio wako kweli na ukahofia kuigwa, muundo wa bidhaa husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, Nairobi, kwa miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili hadi 15. Lakini hilo ni la baadaye. Kazi usiache. Mshahara ndio unaonunua uzi, na fundi mwenye njaa hukubali kufuma chochote anachoagizwa.

Aliyeacha

Naunga mkono sentensi hiyo ya mwisho kwa sababu yalinikuta. Niliacha kazi ya mapokezi nikafuma nguo za kuogelea kwa ajili ya duka moja la Diani. Walipenda moja, wakataka 14, zote zile zile, zote nyeupe. Kufikia ya tisa nilikuwa nikiiona kulabu naumwa na kichwa, na kifundo cha mkono wa kulia kilivimba nikashindwa hata kukuna nazi. Nilikaa miezi saba bila kugusa uzi.

Nilirudi polepole. Mchonga vinyago mmoja wa Changamwe alinichongea kulabu ya mti wa mpingo yenye mpini mnene, na hiyo haiumizi kiganja wala haishiki kutu kama zile za chuma ambazo hewa ya chumvi huzila. Sasa nafuma mbili kwa mwezi, na nauza kwa bei ninayoitaja mara moja tu. Dada, hukutuambia kama unapenda kufuma kitu kile kile mara ya pili. Lichunguze hilo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Binti wa Kisauni

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na kitu mkononi.

Kwanza nimjibu Aliyeacha. Nimevitoa vizibao vyangu vyote nikavitandaza sakafuni, vimefika kumi na kimoja, na hakuna viwili vilivyofanana, hata pale mteja alipoomba cha jirani yake kilivyo. Nilikuwa nikijidanganya kwamba uzi ulinipungukia. Kwa hiyo maagizo ya dazeni si yangu, na kazi siachi. Nimeweka usiku wa Ijumaa na Jumamosi kuwa wa kulabu, na usiku mwingine ni wa kulala.

Bwana Muuza Madera, nimeipiga hesabu yako kwa gauni lile la kupamba. Nilikuwa nimelipwa 3,500, na nilifurahi, na sasa najua kwamba nilimlipia mtu nguo yake.

Leso nimeitoa. Ni ya nyanya, ya rangi ya damu ya mzee, pindo lake ni safu ya vidoa vidogo vinavyobanana na mji wake una maembe ya korosho yaliyotawanyika yakiacha nafasi kubwa. Nilikuwa nimeifungia mtoto mgongoni mara nyingi bila kuona kwamba nafasi zile zimepimwa. Sikutaka kuyaiga maembe. Nilichukua ule uwiano tu, upana wa pindo dhidi ya mji, nikajaribu kuufuma mgongo wa kizibao: pindo la vitanzi vifupi upana wa vidole vitatu, katikati wavu. Binamu yangu alipita, akakiinua kwenye mwanga, akauliza kwa nini kinamkumbusha bibi. Hakuitaja simu.

Miraba nayo nimeitundika kama alivyoagiza Mwalimu, miwili, kila mmoja sentimita 20, na vibanio vinne chini. Ule wa matundu matupu asubuhi ulikuwa 23. Ule wenye pindo pande zote ulikuwa 20 na nusu, nikaupima mara tatu kwa kutoamini. Ila pembe zake zinavutika na kujikunja kwa ndani, na moja nimekwisha kuifumua mara mbili usiku huu. Bibi, najua utacheka. Mwalimu, kwenye pembe nitie vitanzi vingapi?

Mwalimu wa Tudor

Vitatu ndani ya tundu moja la kwenye pembe, na cha katikati usikikaze.